Silinda ya Kushoto

Pikipiki nimeiingiza jikoni kwa mlango wa nyuma,
kwa sababu bandani oili imeganda kama uji wa jana
na mimi vidole ninavyo kumi tu.
Nimetandika magazeti mpaka miguuni pa jiko.
Paka kakasirika, kahamia juu ya kabati.

Ni Jawa ya mwaka ule alipooa kaka yangu,
nyekundu, rangi imechubuka tangini
pale tulipokaba kwa magoti, kila mtu kwa zamu yake.
Silinda mbili. Moja inafanya kazi,
nyingine inapanda na kushuka bure
kama mgeni kanisani, anachezesha midomo
kwa wimbo asioujua.

Nimeanza na yaliyo rahisi.
Petroli inafika. Oili nimechanganya
kwa kipimo kilekile, kikombe cha mtindi.
Plagi ya kulia kavu, kahawia, rangi ya ganda la mkate.
Ya kushoto imelowa, nyeusi, inanuka.
Nimezibadilisha, hii huku, ile kule.
Ugonjwa haukuhama na plagi.
Umebaki palepale, upande wa moyo.

Zamani hapo ningempigia Vendelín.
Lakini mimi na Vendelín tumenuniana, mwaka wa tatu huu,
kwa ajili ya kipande cha bustani
chenye miti minne ya plamu na ua lililooza.
Nani alisema nini mbele ya wakili, Mungu anajua.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Mimi sikuinama tu, nililala kabisa sakafuni,
nikaona chini ya injini tone moja la oili
likifikiri kama lianguke.
Nikainuka. Nikapiga.

Hakusema hujambo. Nami sikusema.
Nilisema, "Ya kushoto haiwaki."
Kimya. Kijiko kikizunguka kikombeni,
huko Košice, ghorofa ya saba.
"Sogeza simu," akasema. "Piga kiki."
Nikapiga. Nikapiga. Ya tano ikashika,
moshi wa buluu ukajaa hadi darini, sahani zikatetemeka,
na mimi nimeinamisha simu karibu na ekzosi
kama mkunga anayemsikilizisha baba
moyo wa mtoto.

"Platini. Zimeungua. Zisugue kwa msasa laini,
acha upenyo wa unene wa ukucha."
"Wa kidole gani?"
Akacheka. Kidogo, bila kukusudia,
kama mtu aliyejikwaa.

Basi nimezisugua. Upenyo nimeupima
kwa pembe ya kadi ya posta.
Haikuwaka.
Vendelín alikosea, kama alivyokosea kuhusu bustani,
au kama nilivyokosea mimi;
usiku wa manane mtu haoni tofauti.
Cheche zilirukia palepale kwenye platini,
za njano, nene, za uvivu,
wala hazikutaka safari ya kwenda kwenye plagi.
Kondensa.
Kijikopo kidogo kuliko kizibo cha chupa.
Kingine ninacho, cha zamani, kwenye mkebe wa vifungo,
kati ya kifungo cha koti la mama
na jino la utoto, la nani sijui.

Saa nane za usiku zikawaka zote mbili,
kulia na kushoto, sauti moja iliyoshikana kama msuko.
Nikazima upesi.
Mzee Havrila alikuwa tayari anagonga ukuta.

Asubuhi nimenawa mara tatu.
Weusi umebaki kwenye mistari ya viganja.
Pikipiki imesimama pale, nzima, baridi,
paka amerudi, amelalia kiti chake.
Nimeifikiria miti ya plamu. Nimelifikiria neno la wakili.
Funika kombe, wamesema, mwanaharamu apite.

Nimepiga.
"Bado," nikamwambia. "Bado inakohoa."
Nikasikia kiti kikivutwa,
pumzi ya mtu anayetafuta miwani.
"Haya," akasema kaka yangu, "tuanze mwanzo.
Petroli inafika?"